Goti Mbele ya Kamera

Mguu wake ulikuwa ukizunguka polepole kwenye kioo cha kompyuta, peke yake, bila nyama wala ngozi, kama kitu kilichofukuliwa ardhini kikaoshwa. Mzee aliusogelea kwa namna alivyokuwa akizisogelea negativu za filamu zamani: kichwa upande, jicho moja limefumbwa, pumzi ameibana ili asitie ukungu kwenye kioo. Zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa amewatazama watu kupitia tundu la kamera. Aliwajua kwa mabega yao, kwa videvu vyao, kwa jinsi walivyoficha meno mabovu. Lakini hakuwahi kumwona mtu kwa ndani, na hakutegemea kwamba wa kwanza angekuwa yeye mwenyewe.

"Huu ni wangu?" aliuliza.

"Wako kabisa, mzee wangu," daktari alisema. "Zile picha tulizokupiga ndani ya mashine ya duara, kompyuta imezipanga moja juu ya nyingine mpaka ikaujenga mguu wako. Ukitaka tuugeuze, tunaugeuza."

"Ugeuze."

Daktari aliugeuza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, bingwa wa mifupa, aliyevaa viatu vya mpira na kuchora hewani kwa kalamu kila alipoeleza jambo. Wagonjwa wengi wakiketi mbele ya kioo kile hutazama pembeni. Huyu alikuwa karibu kuingia ndani yake.

Mtaani walimwita Mzee Studio, hata watoto waliozaliwa baada ya studio kufungwa. Elimu yake ilikuwa ya madarasa ya jioni, ya kusoma huku macho yakijifumba baada ya kutwa ya kazi, na labda ndiyo maana hakupenda jambo lolote limpite bila kulisimamisha na kuliuliza linakotoka. Upasuaji wenyewe haukumtia hofu kubwa. Kilichomtia hofu ni kupasuliwa bila kuelewa.

Daktari alibofya. Mstari wa kijani ukashuka kutoka kwenye nyonga hadi kwenye kifundo cha mguu, umenyooka kama uzi wa mwashi. Kwenye miguu ya vitabuni, alieleza, mstari huo hupita katikati ya goti. Kwenye mguu wa mzee ulipita upande wa ndani, ukaliacha goti lote nje, kama mgeni aliyefika karamuni akakuta mlango umefungwa.

"Matege," mzee alisema, ili neno lile litoke kinywani mwake kabla halijatoka kinywani mwa mwingine.

"Matege, ndiyo. Na hapa ndani gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Ndiyo maana huwezi kupanda ngazi bila kukunja uso."

"Siku hizi hata nikishuka kitandani nakunja uso."

"Yeye anakunja uso," binti yake alisema kutoka kiti cha nyuma, "na mama anaziba masikio."

Daktari alicheka. Binti alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, mwanamke mkakamavu ambaye filimbi haikukosekana mkobani mwake, na ndiye aliyemsindikiza baba yake kila mara hospitalini. Alikuwa amechukua macho ya mama na ulimi wa mama. Miguu alikuwa ameichukua kwa baba, kama ilivyo, bila kupunguza kitu.

Mzee aliuliza jinsi kompyuta itakavyojua mguu ulipo siku yenyewe, maana mguu wa kwenye kioo umetulia na mguu wa mtu hautulii. Daktari akamweleza. Watapachika kwenye mfupa wa paja na kwenye muundi vijiti vyembamba vyenye vigololi vinavyong'aa. Pembeni kutakuwa na kamera yenye macho mawili, ambayo haiangalii kitu kingine chumbani ila vigololi hivyo. Mguu ukisogea unene wa unywele, kamera imeona, na kompyuta imeusogeza mguu wa kwenye kioo vilevile. Msumeno ukitaka kupita pasipostahili, kioo kitasema.

"Kwa hiyo ni kamera," mzee alisema.

"Kwa kifupi, ndiyo. Ni kamera."

Alijiegemeza kitini kama mtu aliyeambiwa kwamba daktari wake ni mtoto wa rafiki yake.

"Sasa kuna jambo tunatakiwa kukubaliana," daktari aliendelea. "Goti jipya naweza kulikalisha kwa namna mbili. Naweza kuufuata mstari huu wa kijani, mguu ukanyooka. Au naweza kukuachia kiasi fulani cha..."

"Nyoosha."

"Ngoja kwanza nimalize, mzee wangu."

"Malizia, Daktari, nakusikiliza. Lakini nyoosha. Nyoosha kabisa."

Ilitoka haraka kuliko alivyokusudia, kwa sauti ya mtu ambaye neno hilo limemkaa kooni tangu utotoni. Binti aliivuta miguu yake nyuma, chini ya kiti. Mzee aliona, kwa kuwa kuona watu wanavyokaa ndiyo iliyokuwa kazi yake, lakini hakujiuliza kwa nini.

"Mguu wa kushoto utabaki ulivyo," daktari alisema.

"Utafuata nao siku yake."

"Na kano za goti zimezoea pindo hilo maisha yako yote."

"Zitajifunza. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Usinijibu leo. Kuna madaktari wa kunyoosha na madaktari wa kuacha, na tunabishana mikutanoni mpaka chai inapoa. Nenda nyumbani ukafikiri."

*

Nyumbani, mkewe alikuwa anakunja nguo zilizotoka kambani. Alisikiliza habari yote, akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Anyooshwe?" alisema. "Kwani yeye ni waya?"

"Daktari amesema inawezekana," mzee alijibu.

"Na mimi nitamjuaje mume wangu akitokea pale konani? Miaka yote hii nikiona mwanga katikati ya magoti najua ni wewe, naenda kuinjika chai. Sasa atakuja mtu amenyooka kama mlingoti, nimfungie mlango?"

"Utaniangalia usoni."

"Usoni! Huo uso nao nani anauangalia?"

Walicheka wote wawili, kicheko cha watu waliokwisha kuchokozana kwa kila kitu na bado hawajaishiwa. Binti hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, kama mtu anayetaka kuaga lakini kuna kitu hajakichukua.

"Baba, nikuulize?"

"Uliza, mwanangu."

"Nilipokuwa mdogo, watoto walikuwa wananiita Koleo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Siku moja nilikuja studio nalia. Ukachukua stendi ya kamera, ukaibana miguu yake yote mitatu pamoja, ukaigusa kwa kidole. Ikaanguka. Halafu ukaitanua miguu, ukaigusa tena. Ikasimama. Ukaniambia, 'Umeona? Sisi ndivyo tulivyotengenezwa. Ukoo wetu hauangushwi kwa kidole.'"

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikumbuka hata harufu ya dawa za kusafishia picha siku ile.

"Nimekimbia kwa maneno hayo," binti alisema. "Mashindano yote niliyoshinda, na hata niliyoshindwa. Shuleni nikiona mtoto anachekwa kwa jinsi alivyo, nachukua kiti cha kukunja, namfanyia kama ulivyonifanyia. Kwa hiyo nataka kujua tu. Siku ile ulipokuwa unaniambia, ulikuwa unaamini?"

Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililombana mzee pabaya. Lawama angeijibu, alikuwa hodari wa kujibu lawama. Lakini binti aliuliza kama mgeni anayeulizia njia, aliye tayari kwenda popote atakapoelekezwa.

Mkewe aliacha kukunja nguo.

"Goti linaniuma," mzee alisema.

"Najua," binti alijibu kwa upole. Akamsogezea kigoda cha kuwekea mguu, akamuaga mama yake, akaenda zake. Kutoka dirishani mzee alimwona akishuka mtaa, na mwanga wa jioni ukipita katikati ya magoti yake.

*

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango wake unaotazama barabara. Kamera za simu zilipoingia mifukoni mwa kila mtu, wateja walipungua kama maji ya bomba wakati wa kiangazi, wakawa wa picha za pasipoti tu, kisha hata hao wakakatika. Mzee hakukivunja chumba. Pazia la nyuma lenye mawingu yaliyochorwa lilikuwa bado limening'inia, taa zimefunikwa shuka, stendi ya kamera imeegemea ukuta.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akajiuliza swali la binti yake, kwa dhati, kama anavyouliza mambo ya watu wengine. Ulikuwa unaamini?

Hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba mtoto alinyamaza, na kwamba yeye alifurahi kwamba amenyamaza.

Kisha macho yake yakaangukia chungu. Kilikuwa chungu kikubwa cha udongo, kimepakwa rangi ya dhahabu iliyobabuka, kimejaa maua ya plastiki yaliyogeuka rangi kwa vumbi. Chungu hicho kilikuwa na kazi. Mteja akija na kiatu kilichopasuka, chungu kilisogea mbele ya kiatu. Akija mwenye mguu mfupi, chungu kilisogea. Wateja hawakuambiwa kitu. Mzee alikuwa akisema, "Nyoosha mgongo, inua kidevu, mkono upumzike," na huku anaongea anakisukuma chungu kwa unyayo, taratibu, kwa adabu, mpaka kila kasoro imeota maua. Akiridhika husema, "Hapo hapo. Usitikisike." Watu waliondoka na picha walizozipenda. Aliita huo utu, na ulikuwa utu kweli.

Yeye mwenyewe hakupata kupigwa picha ya kusimama. Alikuwa ameketi katika zote, au amekatwa kiunoni. Hilo alilijua siku zote. Jambo ambalo hakuwa amelitazama ni lile lililofuata, na sasa lilimjia lote kwa mpigo, bila kufungua albamu yoyote. Picha ya binti siku ya kwanza ya shule. Picha ya binti na kombe la mbio. Picha ya binti na mumewe wakati wa harusi. Katika zote, chini kushoto, maua yaleyale.

Alimwambia mtoto kwamba wao hawaangushwi kwa kidole, kisha kwa unyayo akasukuma chungu.

Je, mtoto aliwahi kuona? Mzee alishika tama. Mwanamke anayeuliza swali kama lile, huenda aliona zamani na kunyamaza. Huenda swali halikuzaliwa hospitalini hata kidogo.

Alijaribu kunyanyuka kukisogeza chungu, lakini goti lilikataa, akaketi tena.

*

Siku ya upasuaji daktari alikuja wodini asubuhi akiwa tayari amevaa nguo za kijani, nywele zimebanwa ndani ya kofia.

"Mzee wangu, tumefikia wapi? Kunyoosha au kuacha?"

"Daktari, mimi sikuwahi kuisafisha picha kabla ya kuiona negativu. Nionyeshe kwanza, halafu nitakujibu."

"Nikuonyeshe wapi?"

"Huko huko ndani. Umesema mnadunga sindano ya mgongo, kiuno kinakufa ganzi na kichwa kinabaki. Basi niachie kichwa changu. Nigeuzie kioo nione."

Daktari aliirekebisha kofia yake. "Wengi huomba dawa ya usingizi juu ya ganzi."

"Nimeishi na miguu hii tangu kuzaliwa bila kuiangalia. Nataka niiangalie leo, kabla hujaikata."

"Karatasi uliyotia saini inaruhusu njia zote mbili," daktari alisema polepole, zaidi akijiambia mwenyewe. "Na mpaka nitakapokata, mpango wa kompyuta unabadilika kwa kidole. Haya. Lakini ukianza kunifundisha kazi, nakulaza."

"Sifundishi. Nauliza tu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Binti yake alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika soksi za baba yake. Mzee alitaka kumwambia kitu kuhusu chungu, lakini wauguzi walikwisha kushika kitanda, na magurudumu yakaanza kuimba kwenye korido. Alimshika mkono tu. Binti akaufinya mkono, akamwambia, "Usiwasumbue watu, Baba."

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi kama ndani ya jokofu. Mtaalamu wa ganzi, bwana mnene mwenye utani, alimdunga mgongoni akamwambia ajaribu kuinua mguu. Mzee alijaribu. Ulikuwa kama kumwita mtu aliyehama mtaa.

"Wenzako wote wanaomba kulala," yule bwana alisema.

"Nimelala vya kutosha. Leo naangalia."

Walitundika kitambaa kifuani pake ili asione nyama, wakamgeuzia kioo. Na pembeni, juu ya vichwa vya wote, ndipo alipoiona kamera. Ilikuwa na macho mawili mapana, inatazama chini kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake. Mzee aliifuata kwa macho kutoka juu mpaka sakafuni, kama alivyozoea kuvikagua vifaa vya wenzake. Mkono mrefu wa chuma, kisha nguzo, kisha, chini kabisa, miguu ya stendi, imetanuliwa sakafuni kadiri ilivyoweza kutanuka.

Mtaalamu wa ganzi alimuuliza anatabasamu nini, akasema hakuna.

"Naanza kuitambulisha mifupa kwa kompyuta," daktari alisema kutoka upande wa pili wa kitambaa. "Kwanza nyonga. Sitaigusa, haionekani, iko ndani sana. Angalia kioo."

Aliukamata mguu wa mzee akauzungusha hewani, mizunguko mipana ya taratibu. Mzee hakuhisi kitu. Aliona tu kwenye kioo nukta zikijitokeza moja baada ya nyingine, zikijipanga duara, kisha duara ndani ya duara, kama bakuli lililochorwa kwa mchanga. Ghafla nukta zote zikapotea, ikabaki moja katikati.

"Hapo ndipo nyonga yako inapozungukia," daktari alisema.

"Imejuaje? Hakuna aliyeiona."

"Haikuiona. Imeutazama mguu ulivyokwenda, ikajua unakotoka."

Katika maisha yake yote mzee hakuwahi kuambiwa jambo lililompendeza hivyo. Aliliweka moyoni ili baadaye alichunguze peke yake.

Daktari akafungua goti, akagusa mfupa hapa na pale kwa kalamu ya chuma, na kila alipogusa, mguu wa kwenye kioo ulizidi kujifahamu. Kisha akaushika muundi kwa mikono miwili.

"Sasa, mzee wangu, ulitaka kuiona negativu. Hii hapa. Nauvuta mguu mpaka kwenye mstari wa kijani. Uone huku na huku."

Kando ya goti la kwenye kioo kulikuwa na vipau viwili, kimoja kwa upande wa ndani na kingine kwa upande wa nje. Mguu uliponyooka, kipau cha ndani kikawa chekundu, kimebanwa. Cha nje kikarefuka, kikalegea.

"Kano ya ndani inalalamika," daktari alisema. "Nikikukalisha hapa, itanibidi niilegeze kwa kisu ili ikubali. Inawezekana. Nimefanya mara nyingi, na watu wanatembea."

"Na ukiuachilia?"

Aliuachilia. Mguu ukarudi ndani, ukapinda kama ulivyokuwa ukipinda kila siku. Sasa kipau cha nje ndicho kilichogeuka chekundu.

"Na hapa umepinda kupita kiasi," daktari alisema. "Hapa pana kuchakaa. Gegedu limeliwa, goti limeporomokea ndani kama nyumba iliyozama upande mmoja. Hili si pindo lako. Ni la maradhi."

"Langu liko wapi, basi?"

"Ndilo tunalotafuta."

Akaanza kuusogeza mguu kidogo kidogo, kutoka kwenye maradhi kuelekea kwenye mstari. Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Alikuwa na hamu kali kuliko aliyowahi kuwa nayo kwenye chumba cha giza, karatasi ikiwa ndani ya dawa na uso wa mtu bado haujatokea. Alikuwa amedhani kwamba miguu yake ni kasoro moja, iliyokuja yote kwa pamoja. Kumbe kulikuwa na pindo aliloongezewa na uzee, na chini yake, limefukiwa, pindo alilokuja nalo duniani. Hakuwahi kujua kwamba kuna mpaka kati ya hayo mawili.

Vipau viwili vikasogeleana. Vikalingana. Vyote viwili vikawa kijani, na goti kwenye kioo likatulia. Mstari mrefu ulikuwa bado unapita kando yake, upande wa ndani, kwa upana wa kidole labda.

"Hapo hapo," mzee alisema. "Usitikisike."

Ilitoka yenyewe, kwa sauti ileile ya kazini, na daktari, bingwa wa mifupa, aliganda na mguu mikononi kama mteja wa picha ya pasipoti. Muuguzi mmoja aliangua kicheko nyuma ya barakoa.

"Hapa?" daktari aliuliza.

"Hapa ndipo ulipokuwa kabla haujaharibika?"

"Kwa kadiri mashine inavyoweza kusema. Na mikono yangu inakubaliana nayo."

"Binti yangu umemwona akitembea."

"Nimemwona."

"Yeye amesimama wapi?"

"Sijampima, mzee wangu. Siwezi kusema." Kisha akaongeza, "Lakini ningeshangaa sana asiwe amesimama hapa hapa."

Mzee alirudisha kichwa kwenye mto. "Basi kalisha hapo."

Aliposikia msumeno ukiwashwa kwa majaribio, ukalia kama nyigu ndani ya kopo, udadisi wote ulimtoka mwilini kwa mara moja. Alimgeukia mtaalamu wa ganzi.

"Sasa unaweza kunilaza."

"Mzee, si ulisema leo unaangalia?"

"Nimekwisha kuangalia. Hayo mengine ni ufundi wenu."

*

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya kupendeza. Goti lilivimba likawa kama mkate, na mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole wa sura na mkali wa mikono, alilikunja na kulinyoosha mpaka mzee akamtajia mababu zake. Nyumbani mkewe aliichukua kazi hiyo kwa furaha isiyofichika. "Kunja! Unaniangalia nini? Kunja!" Lakini maumivu ya sasa yalikuwa ya namna nyingine. Ya zamani yalikuwa yakienda na kuongezeka. Haya yalikuwa yakienda na kupungua.

Alipoweza kutembea kwa gongo moja, alimwita binti yake siku ya mapumziko. Binti alimkuta studio. Shuka zilikuwa zimetolewa kwenye taa. Stendi ilikuwa imesimama katikati ya chumba, na juu yake ile kamera ya zamani.

"Unapiga nini, Baba?"

"Nimepata filamu moja ndani ya kabati. Imepitwa na wakati wake. Sijui kama bado inaona."

"Sasa kuna haja gani?"

"Ndiyo maana nataka kujua. Simama pale kwenye mawingu."

Binti alisimama. Mzee aliinama kwenye kamera, jicho moja limefumbwa. Chini kushoto, mahali pake pa siku zote, palikuwa na maua. Aliinua kichwa. Akatembea na gongo lake mpaka kwenye chungu, akaweka mguu, ule wenye goti jipya, akakisukuma. Chungu kilikwaruza sakafu, kikagoma, kisha kikaenda. Alikisukuma mpaka mlangoni, akakitoa nje kwenye baraza, akarudi akihema.

Binti alikuwa akimtazama. Macho yake yalikuwa yameenda kwenye mahali palipobaki, duara la sakafu safi lililozungukwa na vumbi.

"Miguu itaonekana," alisema taratibu.

"Itaonekana."

Akairudisha stendi nyuma mpaka ikagusa ukuta, akaitanua miguu yake, akaigusa kwa kidole kuhakikisha. Ilisimama.

"Uliniuliza jambo," alisema bila kuutoa uso kwenye kamera. "Siku ile sikuwa naamini. Nilikuwa nabahatisha, kama mtu anayepiga picha gizani. Nilitaka uamini wewe."

Nje mama alisikika akiuliza kwa sauti kubwa nani ameweka takataka hii barazani.

"Na sasa?" binti aliuliza.

Mzee alivuta kile kiwiko kidogo cha kamera kinachompa mpigaji nafasi ya kwenda kujiunga na wanaopigwa. Kilianza kurudi chenyewe, kikivuma kama mdudu ndani ya kiberiti. Aliegemeza gongo ukutani.

"Baba, gongo!"

"Usitikisike," alisema.

Akaanza kutembea kumwelekea, bila gongo, bila haraka, huku mlio wa kamera nyuma yake ukiharakisha. Binti alisahau kuangalia mbele. Alikuwa akiangalia magoti ya baba yake yakija, moja la zamani na moja jipya, na mwanga wa taa ukipita katikati. Alinyoosha mkono. Mzee alikuwa amebakiza hatua, mguu mmoja bado uko hewani, kamera ilipofyatuka.